Mashine ya Nyasi Inapokataa Kuwaka

Muhula huu nimepewa nafasi nieleze habari za injini ndogo, yaani zile zilizomo katika mashine za kukatia nyasi, pampu za maji na jenereta. Nitazieleza kwa kisa cha mashine yetu wenyewe, iliyokaa siku nne bila kuwaka, nasi tukarudia mafyekeo saa za kujisomea, mtihani ukiwa karibu.

Injini nyingi za namna hii ni za mapigo manne. Pistoni hushuka ikivuta hewa na mvuke wa petroli. Hupanda ikiushindilia mchanganyiko huo. Cheche ya plagi huuchoma, nayo pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena kutoa moshi. Basi injini isiyowaka hukosa moja katika haya: petroli, hewa, mshindilio, au cheche inayokuja kwa wakati wake. Maneno hayo ya mwisho naomba myashike, maana ndiyo yaliyotutesa.

Tulianza na petroli, kwa kuwa mara nyingi lawama ni yake. Petroli iliyolala ndani ya kabureta likizo nzima hukauka, ikaacha utando kama gundi, na utando huo huziba jeti, ambayo tundu lake ni dogo sana. Tulifungua bakuli la kabureta tukalikuta safi. Chujio la hewa tulilikung'uta vumbi. Kisha tukafungua plagi. Plagi husema mengi kwa ajuaye kuitazama. Ikiwa kavu baada ya kamba kuvutwa mara nyingi, petroli haifiki. Ikilowa, petroli inafika lakini haiungui. Masizi meusi makavu ni dalili kwamba petroli imezidi hewa, pengine chujio limeziba. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo ya injini yenye afya. Ya kwetu ilikuwa imelowa.

Tuliifuta, tukapima mwanya wake, ambao kwa injini yetu hutakiwa kuwa kama milimita 0.7. Tukaichomeka katika waya wake, tukaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli iliyomwagika, kwa maana cheche na mvuke wa petroli havina mzaha. Mzee wa bustani akavuta kamba: cheche ya buluu ikaruka. Kisha tukautenga ule waya, nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, kamba ikavutwa, pumzi ikakisukuma kidole changu. Kila kitu kipo! Lakini tulipoirudisha plagi na kuvuta, injini ilipiga chafya, ikairudisha kamba kwa nguvu hata Mzee akaumia vidole.

Kuanzia hapo tulikuwa tunabahatisha tu. Huyu ataka kabureta ifunguliwe tena, yule asema koili imekufa, ilhali cheche tuliiona kwa macho yetu. Habari zikafika ofisini kwamba mashine ni mbovu kabisa, na ya kwamba huenda wazazi wakaombwa mchango wa kununua nyingine.

Siku ya nne Mzee aliniita kando. "Kijana," akaniuliza, "siku ile mashine ilizimika yenyewe, au ilizimishwa?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiisukuma. Pembeni ya uwanja wa mpira palikuwa na kisiki kilichofunikwa na nyasi. Kisu kilikigonga, ukasikika mlio mmoja mzito, kisha kimya. Nilikuwa nimewaambia watu "imezimika" tu. Nikamweleza Mzee yote.

Hakunigombeza. Alichomoa waya wa plagi kwanza, kama ipasavyo kila mara kabla ya kugusa kisu, akakikagua. Kilikuwa na pengo, lakini mhimili haukupinda. Ungalipinda, gharama ingalikuwa kubwa. Kisha akafungua kifuniko cha juu na nati ya lile gurudumu zito lenye sumaku. Sumaku hiyo ikipita mbele ya koili ndipo umeme wa cheche huzaliwa. Gurudumu hukaa mahali pake juu ya mhimili kwa kipande kidogo cha chuma laini kilicholala ndani ya mfereji. Kisu kikisimama ghafula, mhimili husimama nacho, lakini gurudumu kwa uzito wake hutaka kuendelea kuzunguka, na kipande kile hukatika. Likisogea hata kidogo, sumaku hupita mbele ya koili kwa wakati usio wake, na cheche hutoka pistoni isipokuwa mahali pake. Kumbe ndiyo sababu ya chafya ile na ya kamba kurudi. Siku nne tulikuwa tukiuliza kama cheche ipo, wala hatukuuliza inakuja lini.

Kipande chetu kilikuwa kimekatika katikati. Kipya kilipatikana mjini kwa bei isiyofika ya mche wa sabuni. Mzee akainoa na kuisawazisha ile ncha ya kisu iliyoharibika, na mashine ikawaka kwa mvuto wa pili.

Kisiki nilikingoa mimi kwa sururu, Jumamosi nzima. Mzizi mmoja ungali umebaki nyuma ya goli la upande wa bwenini. Watakaoshika mashine muhula ujao wautazame.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne