Kompyuta ya Kwanta na Vigawo vya 15

Kuzidisha 71 kwa 83 ni kazi nyepesi. Lakini mwanafunzi akipewa 5893 atafute vigawo vyake, atahangaika. Namba ikiwa na tarakimu 600, hata kompyuta kubwa za kawaida hushindwa. Juu ya ugumu huo ulijengwa, mwaka 1977, mfumo wa RSA wa kuficha ujumbe. Mwaka 1994 mwanahisabati wa Marekani, Peter Shor, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta ingeweza kuumaliza ugumu huo. Kwa njia gani?

Kompyuta ya kawaida hutumia biti, ambayo ama ni 0 ama ni 1. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti, ambayo yaweza kuwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili. Kyubiti 10 kwa pamoja huweza kuchanganya hali 1024. Hata hivyo, tukizipima twapata hali moja tu, kwa bahati. Kwa hiyo si kweli kwamba kompyuta hii hujaribu majibu yote kisha ikatuchagulia lililo sahihi. Siri yake ni kwamba hali hizo zina tabia ya mawimbi. Kilele kikikutana na kilele, wimbi hukua. Kikikutana na bonde, hufutana. Programu hupangwa ili majibu yasiyofaa yafutane, na yanayofaa yaimarike.

Mawimbi hufaa sana kutambua jambo linalojirudia. Tuchukue 15. Zidisha 7 kwa 7 mfululizo, na kila mara gawanya kwa 15 uandike baki: 7, 4, 13, 1, kisha tena 7, 4, 13, 1. Mzunguko ni hatua 4. Nusu yake ni 2, na 7 kwa kipeo cha 2 ni 49. Toa 1, upate 48. Ongeza 1, upate 50. Kigawo kikubwa cha shirika cha 48 na 15 ni 3. Cha 50 na 15 ni 5. Hivyo ndivyo vigawo vya 15. Kwa namba kubwa, kuutafuta mzunguko ndiyo kazi nzito, na hiyo ndiyo kazi ya kyubiti.

Mwaka 2001 watafiti wa IBM na Chuo Kikuu cha Stanford walivipata vigawo vya 15 kwa kyubiti 7. Kikwazo kikubwa ni makosa, kwa maana joto na misukosuko midogo huharibu hali za kyubiti. Lakini ujumbe uliofichwa huweza kunakiliwa leo na kufunguliwa miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya vya kuficha ujumbe visivyotegemea vigawo.

Zoezi: Tafuta vigawo vya 21 kwa njia hiyo hiyo, ukianza na 2. Mzunguko wake ni hatua ngapi?