Ukizuru Jumba la Harewood, Anza na Swali la Fedha

Kaskazini mwa Leeds, Uingereza, umbali wa kilomita 13 hivi kwa barabara ya kwenda Harrogate, lipo jumba la Harewood. Basi namba 36 kutoka Leeds hupita langoni, hivyo hata msomaji wetu anayeishi huko bila gari anaweza kufika. Wageni wengi hutazama dari, hupiga picha bustanini na kurudi zao. Yapo ya kuona zaidi ya hayo, na kabla ya yote ni vyema kujua fedha za kujengea jumba hili zilitoka wapi.

Zilitoka Karibi. Henry Lascelles alitajirika Barbados kwa sukari, kwa biashara ya watumwa waliotolewa Afrika Magharibi, na kwa kuwakopesha wenye mashamba ya miwa. Mwaka 1738 alinunua ardhi ya Harewood. Mwanawe Edwin ndiye aliyelijenga jumba, kuanzia 1759 hadi 1771. Wadeni wa Karibi waliposhindwa kulipa, mashamba yao yaliangukia mikononi mwa ukoo huu, pamoja na watu waliokuwa watumwa humo.

Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku utumwa katika makoloni mwaka 1833, serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo walipewa mabwana. Mwenye jumba wa wakati huo, wa ukoo huohuo wa Lascelles na mwenye cheo cha Earl wa Harewood, alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakupata hata senti, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yuleyule hadi 1838. Mtu asiyelijua hili hajaliona jumba, hata akizunguka vyumba vyote.

Ukishalijua, ingia ndani, maana kazi ya mafundi ni ya kustaajabisha nayo inastahili heshima yake. Msanifu alikuwa John Carr; vyumba vilipambwa na Robert Adam. Samani zilitengenezwa na Thomas Chippendale, seremala mashuhuri aliyezaliwa Otley, si mbali na hapo. Katika ukumbi mrefu wa picha, inua macho juu ya madirisha. Utadhani ni kitambaa kizito kilichokunjwa juu ya mapazia, kumbe ni mbao zilizochongwa na kupakwa rangi! Huu ni ustadi ambao mgeni mwenye haraka huupita bila kuuona.

Tafuta pia picha ya Arthur France, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis na mwanzilishi wa kanivali ya Wakaribi ya Leeds mwaka 1967. Jumba liliagiza picha yake kwa makusudi, ili watu wenye asili ya Karibi nao waonekane mahali ambapo kwa miaka mingi zilitundikwa sura za wenye nyumba peke yao. Ni hatua njema, ingawa imechelewa mno.

Nje, ziwa unaloliona upande wa kusini lilitengenezwa na watu. Lancelot Brown, bingwa wa kupanga mandhari, alisimamia kazi hiyo, na jumba la kale la Gawthorpe lililokuwa hapo likabomolewa. Baraza kubwa lenye bustani ya maua iliyopangwa kwa ruwaza ni la miaka ya 1840, kazi ya Charles Barry. Angani huenda ukaona mwewe wekundu, ndege waliorudishwa eneo hili kuanzia 1999 baada ya kutoweka. Kanisa la Watakatifu Wote, ndani ya eneo hilohilo, ni la kale kuliko jumba na lina makaburi mazuri ya alabasta.

Vaa viatu vya kutembelea, kwani kutoka langoni hadi mlangoni ni mwendo. Jumba hufungwa kwa sehemu ya majira ya baridi, kwa hiyo hakikisha siku za kufunguliwa na bei ya tiketi kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa ndani, waulize wahudumu habari za Barbados na Jamaika kama unavyowauliza habari za Chippendale, na watoto wako wasikie majibu.