Rai ya Barazani na Rai ya Karatasi

Kila jioni, baada ya swala ya alasiri, mabaraza ya miji yetu hujaa maneno. Vijana huzungumza juu ya skuli na kazi, juu ya ardhi na mali ya wakfu, na juu ya gharama za harusi. Na wengi wao husema maneno ya maana. Jua likishatua watu huinuka wakaenda zao, na yale maneno yakabaki pale pale. Kesho husemwa tena, na kesho kutwa tena, wala hapana linalobadilika. Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila khabari. Na rai nayo ni mali.

Kwa hivyo twataka katika somo hili kuwahimiza vijana wetu, wanaume na wanawake, waandike rai zao na wazitoe zisomwe.

Wako watakaosema kuwa mdogo hana ruhusa ya kunena mbele ya wakubwa. Adabu twaikubali, wala hatumtaki kijana amvunjie mzee heshima yake. Lakini adabu ni namna ya kusema, si kunyamaza. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri alikuwa angali mwanafunzi wa Azhar, mwaka 1876, alipoandika makala yake katika gazeti la Al-Ahram, nalo lilikuwa ndio kwanza laanza. Mwaka 1884, yeye na Sayyid Jamaluddin al-Afghani walitoa gazeti la Al-Urwa al-Wuthqa huko Paris. Gazeti hilo halikupita matoleo 18, na serikali ya Kiingereza ikalizuia lisiingie Misri na Bara Hindi. Mtu angeweza kusema kuwa kazi yao ilikwenda bure. Lakini nakala zake zilimfikia kijana mmoja wa Sham, Rashid Rida, zikamwamsha. Naye akahamia Cairo, na mwaka 1898 akaanzisha Al-Manar.

Al-Manar lilivuka bahari likasomwa hata pwani yetu. Katika waliolisoma ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1930 alianzisha karatasi yake ndogo, Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Hayakuishi miaka mingi magazeti hayo. Lakini makala ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944, na Sheikh al-Amin alipofariki mwaka 1947 maneno yake hayakuzikwa pamoja naye. Basi tazameni: karatasi moja ilizaa nyingine, toka Paris hadi Cairo, na toka Cairo hadi Mombasa. Hapana baraza liwezalo kufanya hivyo.

Lakini kalamu ina masharti yake, nasi twayataja manne.

La kwanza, ni kuhakikisha. Qur'ani, katika Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuchunguze khabari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kijana akitaka kuandika juu ya taka zilizorundikana mtaani, na aende akazione kwa macho yake, awaulize wakazi, awaulize na wahusika wa kaunti zazolewa siku gani.

La pili, ni kupambanua khabari na rai. Kwanza aeleze lililopo. Kisha ndipo aseme aonavyo yeye, na sababu ya kuona hivyo.

La tatu, ni kusema juu ya kitendo na kuziacha aibu za watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake; lakini yakataza uchochezi na maneno ya chuki, na yamtaka mwenye kusema aheshimu haki na jina la mwenziwe.

La nne, ni kutia jina. Leo simu imeifanya kazi hii nyepesi kuliko ilivyokuwa mwaka 1930. Lakini wengi huitumia kwa kupeleka maneno yasiyo na mwenyewe. Neno lisilo na mwenyewe halina wa kuulizwa, wala halina wa kuaminiwa. Mwenye kutia jina lake hupima kabla ya kutamka, na akikosolewa kwa hoja hujibu kwa hoja.

Nasi wakubwa tuna wajibu wetu. Kijana akiandika tusilolipenda, tusiende kwa babake kumshitaki, wala tusimtangaze mtaani kuwa ameharibika. Tumjibu kwa kalamu, katika karatasi ile ile, ili wasomaji wazipime hoja zote mbili. Tukimnyamazisha leo, mambo ya mji yataandikwa na wasioujua mji wetu, kisha tutakaa mabarazani tukilalamika kuwa tumesemewa uwongo.

Basi, enyi vijana wetu, chagueni jambo moja mnalolijua vyema, mliandike ukurasa mmoja, mumpe mwenye ilimu aupitie, kisha mutoe. Hata ukurasa huo ukisomwa na watu kumi tu, huenda katika kumi hao yumo atakayeandika wa pili. Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.