Kijana Wako Akiuliza Kama Biblia ni Kweli

Andiko la somo: Luka 1:1-4, Matendo 17:11

Kuna jambo wazazi wa Umoja, Kayole na Donholm wananiletea karibu kila mwezi. Kijana amerudi kutoka chuo, muhula wa kwanza tu, na mezani anasema hizi habari za miujiza ni hadithi za watu wa kale. Mama analia, baba anagonga meza, kisha wanampigia pasta simu aje akemee. Sasa, kabla hatujakemea, tuangalie neno hilo limetoka wapi, kwa sababu halikuzaliwa juzi wala halikuzaliwa kwenye simu ya huyo kijana.

Kati ya 1832 na 1834, katika mji wa Tübingen kusini mwa Ujerumani, waliishi vijana wawili wa teolojia. Mmoja alikuwa mwalimu msaidizi, David Friedrich Strauss. Mwaka 1835 alitoa kitabu juu ya maisha ya Yesu, akidai kwamba miujiza ya Injili haikutokea, bali ilikua polepole midomoni mwa waumini wa kwanza, bila nia ya kudanganya, kutokana na walivyomtarajia Masihi. Alifukuzwa kazi. Mwaka 1839 chuo cha Zürich kilipomwajiri, wananchi walighadhibika hadi akapewa pensheni kabla hajafundisha hata siku moja. Kelele zilikuwa nyingi. Kitabu kiliendelea kusomwa.

Wa pili alikuwa mwanafunzi, Johann Ludwig Krapf. Huyu unamjua, angalau kutoka darasa la historia. Alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai mwaka huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo alikuwa anatafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hebu tulia hapo kidogo. Mwislamu msomi na mmishonari, Maandiko katikati yao. Krapf hakuogopa kuiweka Biblia mbele ya mtu asiyekubaliana naye. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanza kituo cha Rabai.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi nikiketi na wazazi hawa ni msichana wa Uingereza, Mary Ann Evans. Alikuwa na bidii ya dini kweli kweli. Angekuwa hapa Buruburu angeongoza ushirika wa vijana. Alisoma, akajadiliana na marafiki, na mwaka 1842, akiwa na miaka 22, akakataa kwenda kanisani. Baba yake alikasirika, nyumba ikawa baridi kwa miezi. Mwishowe wakapatana: atamsindikiza baba ibadani, lakini atafikiri anavyotaka. Baba akaridhika. Basi mwaka ule ule wa Rabai, 1846, kitabu cha Strauss kikatoka kwa Kiingereza, na mfasiri alikuwa huyo binti. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la George Eliot.

Ni wangapi wanaketi kwetu Jumapili kwa mapatano kama hayo? Wanaimba, hata sadaka wanatoa.

Ukimsoma Luka, haanzi kwa kumwambia Theofilo aamini tu anyamaze. Anasema wapo walioona kwa macho, na yeye mwenyewe amefuatilia mambo yote tangu mwanzo, ili huyo ndugu awe na hakika. Nilisomea biashara, na kwa ukaguzi wa hesabu mtu mwenye vitabu safi hakasiriki ukimwomba risiti. Watu wa Beroya waliomba risiti kwa Paulo kila siku, na Luka akawasifu.

Wengine hupenda kumjibu kijana kwa habari ya theluji. Rebmann aliiona Kilimanjaro mwaka 1848, na msomi mmoja London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukaribia mlima huo, akakataa kabisa. Ni kisa kitamu, nami nakipenda. Lakini theluji ya Kilimanjaro haithibitishi ufufuo, na kijana wa chuo ataona mara moja kwamba umeruka swali. Mpeleke 1 Wakorintho 15. Pale Paulo anahesabu mashahidi, zaidi ya 500 kwa mara moja, na anasema wengi wao bado wako hai. Yaani, nenda ukawaulize.

Na akikuambia Injili nne hazisimulii kila kitu sawasawa, usimkatalie, maana ni kweli. Muulize yeye: ajali ikitokea pale Jogoo Road na mashahidi wanne waandike taarifa zinazofanana neno kwa neno, polisi atafikiri nini?

Jumatano hii baada ya maombi tutabaki kwa saa moja na Luka sura ya 1. Waje vijana na maswali yao, na wazazi waje wakisikiliza. Aliyeacha kuja kanisani pia aalikwe, na asiulizwe mlangoni alikuwa wapi.