Tumbako na Pombe katika Mwili wa Kijana

Nchi ya Rungwe ni nchi ya milima, mvua na ukungu. Mji wa Tukuyu umekaa juu ya vilima, kimo chake yapata mita 1,500 juu ya bahari, na karibu yake Mlima Rungwe wapanda hata kukaribia mita 3,000. Migomba imezunguka nyumba, na miteremko imefunikwa kwa chai na kahawa. Mtoto wa nchi hii hapati njia iliyo tambarare. Akienda shule hupanda, akienda mtoni hushuka, akirudi na ndoo ya maji hupanda tena. Kwa hiyo ahitaji mapafu yenye nguvu, moyo mzima, na akili iliyo macho. Viko vitu viwili viwezavyo kuviharibu vyote vitatu, navyo ni tumbako na pombe.

1. Raha ya Kukaa na Wenzi

Hapo kale mvulana wa Kinyakyusa alipopata miaka kumi hivi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Alikwenda pamoja na wenziwe wa rika moja kujenga vibanda vyao mahali pa peke yao. Mchana walichunga ng'ombe pamoja. Ulipofika wakati wa kula walikwenda kwa kundi kwa mama wa huyu, na siku nyingine kwa mama wa yule. Raha hiyo ya kukaa vema na wenzi, kula pamoja na kuzungumza pamoja, Wanyakyusa waliiita ukwangala. Bibi Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hiyo kati ya mwaka 1935 na 1938, aliieleza habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1951.

Vijiji vile vya marika havijengwi tena, lakini moyo wa kupenda wenzi haukwisha. Kijana wa leo naye apenda kukaa na rika lake, shuleni, uwanjani na sokoni. Jambo hilo ni jema. Walakini ndilo lango ambalo adui hupita. Ni watoto wachache wanunuao sigara ya kwanza peke yao. Mara nyingi hupewa na rafiki, naye rafiki husema, "Vuta kidogo tu, ndugu yangu, wewe si mtoto tena." Kijana hataki moshi ule, kwa maana wamkereketa kooni na kumtoa machozi. Ataka asichekwe. Basi huvuta, na kesho huvuta tena, hata siku ifikapo ambayo hakuna amwambiaye vuta, naye avuta. Wazee walisema: Mazoea yana taabu.

2. Kazi ya Moshi Mwilini

Mmea wa tumbako asili yake ni Marekani, nao uliletwa Afrika na wasafiri wa baharini. Siku hizi hulimwa hata Chunya, kaskazini ya Mbeya. Ndani ya majani yake mna sumu iitwayo nikotini. Mtu avutapo, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu, na kwa sekunde chache tu hufika katika ubongo. Hapo huufundisha ubongo kuitaka tena. Ubongo wa kijana haujamaliza kukua, nao waendelea kujengwa mpaka miaka 25 hivi. Kwa hiyo hujifunza upesi, mema na mabaya, na kifungo cha nikotini hukaza upesi kwake kuliko kwa mtu mzima. Ugoro nao una nikotini hiyo hiyo, ijapokuwa hauna moshi.

Moshi una sumu ya pili. Watu wa Tukuyu waijua hatari ya kulala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi. Makaa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, iitwayo kaboni monoksidi, na watu huweza kufa usingizini. Hewa hiyo hiyo imo katika moshi wa sigara. Kazi ya damu ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote. Kaboni monoksidi hushika nafasi ya hewa safi katika damu, kama mgeni asiyealikwa aketiye katika kiti cha mwenye nyumba. Ndiyo sababu mvutaji huhema upesi apandapo mlima, hali mwenziwe asiyevuta aendelea mbele.

Sumu ya tatu ni utomvu mweusi kama lami, ambao huganda ndani ya mapafu. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji kuliko wagonjwa wengine. Kisha mwaka 1951 walianza kuangalia maisha ya waganga maelfu kwa maelfu. Hata mwaka 2004 Doll na wenziwe walitoa hesabu ya miaka 50: wanaume waliovuta sigara maisha yao yote walikufa mapema kuliko wasiovuta, na tofauti ilikuwa yapata miaka 10. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na baadhi yao hawakuvuta, bali walikaa katika moshi wa wengine.

3. Kazi ya Pombe Mwilini

Katika nchi ya Rungwe pombe ya ulezi yajulikana tangu zamani, na kimpumu hunywewa kwa mrija, wazee wakikizunguka chungu kimoja. Kwa sababu kitu hicho ni cha siku nyingi, vijana wengine hudhani hakina madhara. Lakini kileo kilichomo katika kimpumu, katika bia ya chupa na katika gongo ni kile kile. Tofauti ni wingi wake tu. Tena gongo lina hatari ya zaidi, maana huweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha macho na kuua.

Pombe haingoji kusagwa kama ugali. Hupita katika tumbo na utumbo, ikaingia upesi katika damu. Ini ndilo lenye kazi ya kuiondoa, nalo hufanya kazi hiyo polepole, wala maji ya baridi, kahawa au kukimbia haviwezi kuliharakisha. Kijana ana mwili mdogo, kwa hiyo kiasi kile kile humlewesha zaidi kuliko mtu mzima. Kwanza hupotea busara, kisha miguu hukosa imara, kisha hupotea fahamu. Akizidi kunywa, hata pumzi huweza kusimama. Tena pombe hudhuru sehemu ya ubongo iwekayo kumbukumbu, na mwanafunzi aliyesoma kwa bidii huona masomo yametoweka.

Wako wasemao kwamba pombe hupasha mwili moto, na katika baridi ya Tukuyu neno hilo huvuta wengi. Lakini ni uongo. Pombe hupanua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, na mtu akajiona ana joto. Kumbe joto lile latoka nje na kupotea, na ndani mwili wazidi kupoa. Mlevi alalaye njiani usiku wa mvua huweza kufa kwa baridi, hali alidhani amejikinga nayo. Uji wa moto, nguo kavu na moto wa kuni nje ya chumba cha kulala ni msaada wa kweli.

4. Sheria za Nchi

Serikali ya Tanzania haikunyamaza. Sheria ya mwaka 2003 juu ya tumbako yakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia mtoto sigara au pombe. Tena zilikuwapo pakiti ndogo za pombe kali zilizoitwa viroba. Bei yake ilikuwa ndogo, na mwanafunzi aliweza kuzificha mfukoni. Tangu tarehe 1 Machi mwaka 2017 Serikali ilizipiga marufuku.

Hata hivyo sheria hailindi mtoto pasipo watu. Mara nyingine mzee humtuma mtoto dukani kumnunulia sigara. Mtoto hapaswi kumvunjia mzee heshima, lakini aweza kujibu kwa adabu: "Baba, naomba radhi, mwenye duka haruhusiwi kuniuzia." Jibu hilo halina ukaidi, maana ni kweli.

5. Aliyekwisha Kuanza

Kijana aliyekwisha kuonja asidhani kwamba amepotea. Mvutaji aachapo, katika siku chache tu kaboni monoksidi huondoka katika damu, na pumzi huanza kurudi. Siku za kwanza huwa ngumu. Hukosa usingizi, hukasirika upesi, na tamaa humrudia. Yafaa amwambie mzazi, mwalimu au mganga wa zahanati, kwa maana mzigo wa watu wawili ni mwepesi.

Na wenziwe wana kazi. Ikiwa rika liliweza kumfundisha kuvuta, rika laweza kumfundisha kuacha. Wasimcheke, wala wasimfukuze, bali wamwite uwanjani, waketi naye, wale naye. Rafiki apewapo sigara na kusema, "Sivuti, ndugu yangu, twende tukacheze," huenda nyuma yake yuko mwingine aliyekuwa akingoja mtu wa kwanza kukataa. Hiyo ndiyo ukwangala ya kweli: kukaa pamoja hata kila mmoja arudi nyumbani mzima.

Maswali

1. Kwa nini kifungo cha nikotini hukaza upesi kwa kijana kuliko kwa mtu mzima?
2. Jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa na sigara vyafanana kwa jambo gani?
3. Eleza kwa nini mlevi ajiona ana joto, hali mwili wake wapoa.
4. Viroba vilikuwa nini, nazo zilipigwa marufuku mwaka gani?
5. Mwenzako ataka kuacha sigara. Andika mambo matatu utakayomfanyia.