Mtoto Akifikisha Miaka Minne: Chekechea za Umma Kaunti ya Kwale



Wako wazazi wanaomweka mtoto nyumbani hadi afikishe miaka sita, kisha wakampeleka moja kwa moja Gredi ya Kwanza. Huko anakuta wenzake wamekwisha kuzoea kushika kalamu, kusikiliza hadithi na kungoja zamu. Mwanao asiachwe nyuma hivyo, ilhali nafasi ipo katika chekechea za umma.

Nani anasimamia?
Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Kaunti ndiyo hujenga madarasa na kuajiri walimu. Masomo ni ya miaka miwili: PP1 kwa watoto wa miaka minne, PP2 kwa wa miaka mitano.

Nimpeleke wapi?
- *Kituo kilicho ndani ya shule ya msingi.* Mtoto hufuatana na ndugu zake njiani, na kuingia Gredi ya Kwanza hakumtishi.
- *Kituo cha kijijini kinachojitegemea.* Hiki hufaa shule ya msingi ikiwa mbali, kama ilivyo katika sehemu za Kinango ambako nyumba zimetawanyika.
- *Chekechea ya msikiti, kanisa au jamii.* Hii si ya umma, na ada hupangwa na wenyewe. Uliza kwanza kama imesajiliwa.

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama wenzake. Usimfiche. Uliza katika ofisi ya elimu mahali pa kumfanyia tathmini.

Nitalipa nini?
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo au ada ya kumsajili mtoto. Ukiombwa mchango mwingine, uliza umeidhinishwa na nani. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa sababu mchango haujalipwa.

Nibebe nini?
Cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki chenye rekodi ya chanjo. Kama cheti hakijatoka, nenda kituoni hata hivyo, huku ukikifuatilia.

Nikague nini?
Rangi nzuri ukutani haitoshi. Tazama kiti: miguu ya mtoto iguse sakafu. Ingia chooni: tundu liwe dogo, asiogope kutumbukia. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kining'inie mahali anapofikia mwenyewe. Msikilize mwalimu: je, anazungumza na watoto kwa lugha wanayoijua, iwe Kidigo, Kiduruma au Kiswahili? Je, watoto wanaimba, wanahesabu vizibo na kucheza, au wanakalishwa kimya wakinakili ubao? Ukiona fimbo, uliza. Sheria imepiga marufuku kumchapa mwanafunzi.

Ukiwa na malalamiko, anza kwa mwalimu wa kituo. Yasipotatuliwa, nenda ofisi ya elimu ya kaunti au kwa mwakilishi wadi wako.

Mwaka wa masomo huanza Januari. Mzazi, usingoje shule zifunguliwe: nenda kituoni mapema, kikague, umwandikishe mwanao.