TUPIME KABLA YA KUTOA PESA ZA KIKUNDI



Kikundi kimoja tulichotembelea kilitoa karibu pesa zote za mfuko wake kununua dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi. Sababu ni moja tu: jirani aliitumia na mahindi yake hayakubunguliwa. Baada ya miezi mitatu magunia ya wanakikundi yalijaa wadudu. Je, dawa ilikuwa mbaya? Hakuna anayejua mpaka leo. Yule jirani alikuwa ameanika mahindi yake yakakauka sawasawa, lakini wenzake walivuna kwa mvua wakaweka yakiwa na unyevu. Pengine ilikuwa dawa, pengine ni jua. Mambo mawili yalichanganyika.

Sasa tujifunze kwa daktari mmoja wa Italia, Francesco Redi. Siku zake watu wengi waliamini kwamba nyama ikioza inazaa funza yenyewe. Redi yeye alishuku nzi. Hakubishana sana, alijaribu. Aliweka nyama ndani ya vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunga kabisa. Kwenye vile vya wazi nzi waliingia, na funza wakatokea. Kwenye vilivyofungwa nyama ilioza, lakini funza hawakuwamo.

Hapo mbishi angeweza kusema, "Umezuia hewa, ndiyo maana." Basi Redi akarudia, safari hii akafunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Nzi hawakuifikia nyama, na nyama haikupata funza. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka wa 1668.

Tumeona nini hapa? Kwanza, alikuwa na swali moja. Pili, alibadilisha kitu kimoja tu, na vingine vyote vikabaki sawa. Tatu, alikuwa na kitu cha kulinganisha. Nne, aliposhukiwa angeweza kurudia.

Hata sisi tunaweza. Fanyeni hivi:

1. Chukueni mahindi makavu ya shamba moja, myachanganye vizuri.
2. Jazeni mifuko sita ya kilo mbili mbili. Mitatu itieni dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mitatu msitie kitu.
3. Wekeni yote chumba kimoja, kila mmoja na alama yake.
4. Baada ya miezi mitatu, toeni punje 100 kutoka kila mfuko bila kuchagua. Hesabuni zilizobunguliwa, katibu aandike kwenye daftari.

Tahadhari: mahindi yenye dawa yasiliwe na watu wala kuku kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti kwisha.

Mkiona mifuko yenye dawa ina punje mbovu chache sana kuliko ile mingine, mna sababu ya kununua. Mkiona zinalingana, msisikitike, mmeokoa pesa. Na mkiona mfuko mmoja unatofautiana na wenzake, rudieni kabla ya kuamua.

Mtume Paulo aliwashauri Wathesalonike wapime mambo kabla ya kuyashika. Kupima si kumdharau jirani wala muuzaji. Pesa za mfuko ni jasho la watu.

Maswali ya kujadiliana:
- Ni jambo gani tunaloliamini kwa sababu tu limemfaa mtu mmoja?
- Tutalijaribu vipi tukibadilisha kitu kimoja tu?
- Nani atatunza daftari?